Yaya Asiyekula

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye arusi ya binti wa Monga, hapa hapa Kamina, na nilikalishwa kwenye meza ya walimu, yaani meza ya watu wanaoheshimiwa sana na kuhudumiwa mwisho. Nikawa na wakati wa kutosha wa kusikiliza yasiyonihusu. Nyuma ya kiti changu vijana wawili waliinamia simu moja, wakicheza mchezo wa vita na kugombana juu ya adui mkubwa wa mchezo huo, kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambacho "ndiyo" yake ni "njo" na watu wake ni "bantu".

"Ule chef ni mubaya tu," mmoja alisema.

"Mubaya namna gani? Iko anatafutia bantu amani."

"Anaunguza muji muzima, njo amani?"

"Weye hauelewake histware. Asipounguza, bote banakufa."

"Sasa bale anaunguza, bo habafi?"

Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa hesabu aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimeanza kinywaji kabla ya sala. Nilimjibu hapana, nimerudishwa darasani tu. Ugomvi ule niliwahi kuuishi, karibu neno kwa neno, katika chumba cha nyuma cha Mama Huguette, mwaka ambao watu wa upande wa Malemba-Nkulu walijaa Kamina wakikimbia vita, na magodoro yao vichwani. Na baba wa bibi arusi, yule Monga aliyekuwa akipita kati ya meza na koti lililombana makwapani, ndiye mtu ambaye ugomvi ule ulimhusu kuliko sisi sote.

Mimi ni Kabange. Kwa Waluba jina hilo hupewa pacha wa pili, na kuhusu ukoo wangu hilo latosha. Mwenye kutaka zaidi amuulize Kyungu, pacha wangu, yeye hupenda kueleza. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma sekondari ya Wamethodisti, na nilikuwa na kitu kimoja ambacho wenzangu hawakuwa nacho, Kiingereza. Nilikipata kwa mama mmoja mzee wa misheni ambaye macho yake yalichoka, nikawa namsomea Biblia saa za mchana. Kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa cha manabii. Niliweza kusema "ole wenu" kabla sijajua kusema "habari za asubuhi". Sikutazamia kwamba Kiingereza cha namna hiyo kingenipa kazi, tena kazi ya heshima, lakini Mungu ana njia zake na Mama Huguette alikuwa na za kwake.

Chumba chake kiliwahi kuwa ghala la mahindi, na hata baada ya kupakwa chokaa kiliendelea kunuka unga, hasa jua likiwa kali. Chokaa iliishia pale mkono wake ulipofika, maana alikuwa mjane wa fundi wa reli na aliapa kutopanda ngazi tena maishani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili yaliyokataliwa na kanisa kwa sababu ya miguu yake mibovu, televisheni nene ya zamani, na mashini ya michezo ambayo mpwa wake aliileta kutoka Lubumbashi. Uani grupe ilinguruma ikitupa umeme na moshi kwa kipimo sawa. Mashini ilikuja na diski mbili. Ile ya mpira ilikwaruzika kabla ya Pasaka, ikabaki moja, hadithi ndefu ya Kiingereza isiyoeleweka na mtu, na hapo ndipo nilipoitwa. Tena kadi ya kuhifadhi mchezo ilikuwa na nafasi ya safari moja tu. Ukianza yako unaifuta ya mwenzako. Kwa hiyo chumba kizima kilicheza safari moja, siku baada ya siku, na kila uamuzi ulikuwa wa wote kama mkutano wa parokia, pamoja na makelele yake.

Mama Huguette hakujua kucheza wala hakutaka kujua. Alikaa karibu na mlango akichambua sombe, yaani majani ya mihogo, au akikanda mandazi ya kutuuzia, lakini aliweka sheria moja. Kwetu mtu hapewi kiti kabla hajajibu swali, "Weye mutoto wa nani?" Huulizwi kwa ubaya. Tukishajua ndugu zako tunajua tukuite nani, tukutanie au tukuheshimu, tukupe kiti au mkeka. Mama aliona si haki watu wa televisheni waingie nyumbani kwake bila kuulizwa. Siku yangu ya kwanza, msichana mwenye upinde alipotokea kwenye kioo cha televisheni, Mama aliinua kichwa kutoka kwenye sombe.

"Uyu ni mutoto wa nani?"

"Mama, mchezo hausemi."

"Basi umutafutie. Mu nyumba yangu hamuingie muntu asiye na kwao."

Nikamwita Numbi, mtoto wa mchonga mitumbwi. Farasi wake naye akapata jina na shangazi. Trésor, mtoto wa karani wa reli, ambaye alikuwa na vidole vyepesi kuliko sote na mdomo mwepesi kuliko vidole, alimpiga mlinzi mmoja wa lango, na sauti ikatoka mlangoni, "Ule unaua, ni nani?" Trésor akasema ni askari tu. "Askari tu hakuna," Mama akajibu. Ikabidi Trésor asimamishe mchezo na kutueleza kwamba marehemu anaitwa Kasongo, ana wake wawili kule Kabongo, na wa pili bado hajui. Tangu siku hiyo tulianza kuwazunguka walinzi kwa nyuma ya miti, kwa sababu kuwaua kulichukua muda mrefu mno.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya nchi ya mito ambayo majeshi ya kigeni huipita kila mara na kuichoma. Numbi alikuwa na kaka mkubwa, jemadari, ambaye alichoka kuzika watu. Akaamua kuvunja kila daraja na kuzamisha kila mtumbwi, ili jeshi lolote lisivuke tena milele. Vijiji vya ng'ambo vingekatwa na kufa njaa, naye alilijua hilo na hakulificha. Numbi alisafiri mchezo mzima ili amzuie. Lakini waandishi wa mchezo, popote walipo, hawakuwa watoto. Walituonyesha jemadari huyo akimbeba Numbi mgongoni katika moto alipokuwa mdogo, na akitoa blanketi lake kwa mateka. Sikuweza kumwita jemadari. Nilimwita Yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, na chumba kizima kikampokea hivyo. Maneno yake ya mwisho wa kila sura niliyatafsiri kwa sauti ya nabii, nikajisikia mtu: "Heri mnichukie mkiwa hai." Hata Trésor, aliyetaka Yaya apigwe tangu sura ya pili, aliyakariri maneno hayo akienda kisimani.

Mtetezi wa Yaya alikuwa Fidèle. Alikuwa na miaka kumi na minane, alitoka kijiji kimoja cha upande wa Malemba-Nkulu, na aliishi kwa Mama Huguette, akiwasha grupe na kupasua kuni. Alikuwa mpole hata kuku wa nyumba ile walimwonea. Lakini ukimgusa Yaya wake alisimama. "Munasema kwa sababu hamukukuwako," alituambia siku moja. "Kwetu balikuya kutuunguza, na serikali haikuya. Yaya yangu Monga na bandugu bake njo balisimama. Minyi niko hapa muzima sababu yake." Monga huyo, kaka yake mkubwa, alikuwa bado msituni na wale waliojiita walinzi wa kijiji. Sote tulijua habari za walinzi hao. Walianza kwa kulinda, kweli kabisa, na watu waliwapikia kwa furaha. Baadaye walianza kuamua nani apite na nani asipite, na watu wakaendelea kuwapikia, ila furaha haikuwepo tena.

Mvua zilipokuwa zikikatika, habari ilifika kwa Mama Huguette. Mdogo wake Marcelline, aliyeolewa Kitobo, kijiji cha ng'ambo ya mto kule kule Malemba-Nkulu, alikufa akijifungua. Uchungu ulikuwa mbaya, wakambeba hadi kivukoni wamvushe kwenda kwa mkunga wa hospitali, na walinzi wakawarudisha. Tulifanya kilio uani kwa desturi, mashini ikafunikwa kitenge, na akina mama wa kanisa waliimba mpaka sauti zikaisha. Nakumbuka Fidèle akibeba maji ya waombolezaji, ndoo baada ya ndoo, bila kumtazama mtu yeyote usoni.  Kilio kilipoisha Mama alitoa kitenge kwenye mashini, akakikunja, akasema, "Bon, muwashe. Numbi atachoka kusimama pale." Nilimpenda sana mwanamke yule, na bado nampenda, ingawa sasa amelala kwenye makaburi ya nyuma ya reli na mimi ndiye ninayempelekea maua, yeye aliyeona maua ni chakula cha mbuzi.

Kisha kiangazi kilianza, na mchana mmoja Monga akasimama mlangoni. Alikuwa amekuja kwa miguu, bila bunduki, amevaa sweta la mwanamke na suruali iliyokatwa magotini, na kifuani alikuwa na vijifuko vya dawa vilivyoshonwa kwa ngozi. Fidèle aliacha kila kitu akamkimbilia, na Monga akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono juu, kama anayezuia ng'ombe. "Usiniguse, mudogo yangu. Usiniguse." Ndipo tulipoijua miiko kwa macho yetu. Mtu wa walinzi hashikwi mkono na asiye wa msitu, hapokei kitu kutoka mkononi mwa mwanamke, hali sombe wala chakula cha chungu kilichopikiwa wengine. Akivunja mwiko mmoja, dawa yote imekufa, risasi zinamwona, na wenzake hawamtaki tena. Fidèle alinieleza baadaye kwenye ngazi za nyumba, akilia waziwazi. Mkuu wao alikuwa amempa Monga ruhusa ya kiangazi tu. Mwenye kushika miiko bado ni wa msitu, na mvua ya kwanza ikinyesha lazima arudi. "Akila, anabaki," Fidèle aliniambia. "Njo kile tu, Kabange. Akila ya Mama Huguette, anabaki."

Mama alimwuliza swali lake la siku zote, "Weye mutoto wa nani?" Monga akajibu, akataja baba na mama na kijiji. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akampa kiti kwa kukisukuma kwa mguu ili mkono wake usikiguse pamoja na wa mgeni, akarudi kwenye unga wake. Sikuelewa wakati ule alipata wapi nguvu, na hata leo sielewi vizuri. Monga alikaa kwenye kile kiti, kizingitini, kiangazi chote. Alichoma mihogo yake mwenyewe kwenye moto wake mwenyewe nyuma ya choo, akanywa maji aliyoyachota mwenyewe. Kila saa sita Mama alipakua bukari, ugali wetu, na sombe na samaki wakavu wa Bukama kwa ajili ya nyumba nzima, na kila saa sita aliweka sahani moja ya ziada kwenye mkeka, karibu na kizingiti. Kila jioni sahani hiyo ililiwa na Trésor, ambaye alinenepa mwaka ule.

Lakini Monga alitazama mchezo. Mwanzoni alitazama kwa pembeni, kama mtu anayeangalia mvua. Nilipotafsiri maneno ya Yaya alianza kugeuza shingo. Alipoonyeshwa Yaya akimbeba Numbi katika moto, alisema kwa sauti ya chini, "Njo vile. Njo vile kabisa." Trésor alikuwa na maneno tayari, maana alikuwa hana breki: Yaya ni muuaji mwenye maneno matamu, nani alimpa ruhusa? Monga hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayekumbuka umri huo. "Ruhusa inatokaka wapi, petit, kama benye kuitoa balikimbia?" Wakabishana mchana mzima, mmoja kwenye benchi na mwingine mlangoni, na mimi nikawa naulizwa kila dakika: kwa Kiingereza amesema kweli? Amesema "lazima" ama "nataka"? Sijawahi tena kuwa na darasa lililopima maneno hivyo. Nilipata raha ambayo sikujua niiite nini. Leo ninafundisha lugha kwa sababu ya mabenchi yale mabovu, na ninawaambia wanafunzi wangu kwamba adui aliye mbaya tangu kuzaliwa hafundishi kitu. Unampiga, unakwenda kula. Anayekupenda na bado amekosea ndiye anayekukalisha na sahani mbele yako bila kujua uanzie wapi.

Tulifika kwenye pambano la mwisho siku za mwisho za kiangazi, wakati upepo wa vumbi huwa mwekundu na kila mtu anatazama mawingu. Fidèle alitazama mawingu kuliko wote. Yaya alisimama kwenye daraja la mwisho, mwenge mkononi, na mchezo ukatupa njia mbili: Numbi apige, ama ashushe upinde na kumwacha kaka yake achome daraja. Ndipo tulipojikuta tumejifunga wenyewe. Katika michezo, adui wa mwisho ni wa kupigwa. Vijana wa Lubumbashi, nasikia, walilimaliza pambano lile bila kusita. Sisi tulikuwa tumemwita Yaya. Mdogo hamnyanyulii yaya wake mkono, si Kamina, si hata kwa vidole juu ya vitufe. Fidèle alishika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaiweka chini. Trésor, yule aliyetaka kumpiga tangu sura ya pili, aliishika, akapangusa vidole kwenye suruali, akasema tumbo linamuuma. Tukapiga kura. Karibu wote walisema tumwache Yaya, achome daraja, watu wa upande wetu wapone. Hata mimi niliinua mkono. Mlangoni niliona mabega ya Monga yakishuka, kama mtu aliyepewa haki yake baada ya kungoja sana.

"Na bale ba ng'ambo?" Mama Huguette aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, mikono ikiwa ndani ya unga. Tukatazamana. Kwenye kioo, nyuma ya Yaya, ng'ambo ya maji, kulikuwa na paa ndogo ndogo za vijiji vitatu na moshi kidogo. Zilikuwepo tangu mwanzo wa mchezo.

"Kabange, bale ni batoto ba nani?"

"Mama... hatukubapatia majina."

"Farasi mulimupatia shangazi," Mama akasema. "Bale hamukubapatia hata baba?"

 Tuliona aibu ya kweli, ile ya mtu aliyemwacha mgeni amesimama uani tangu asubuhi. Mama alisema hakuna atakayegusa maneti mpaka tuwape. Basi Trésor akakipa kijiji cha kwanza jina, na muuza chumvi mwenye kigugumizi, na bibi mmoja mwizi wa kuku, na kwa mara ya kwanza hakutia chumvi kupita kiasi. Fidèle akakipa cha pili jina la kijiji cha mama yake, akaweka ndani fundi wa ngoma na watoto wake. Alizungumza taratibu, na wakati wote alitazama sakafu. Cha tatu kilibaki, na mimi nilikuwa bado natafuta.

"Ya tatu," Monga akasema kutoka mlangoni, "muite Kitobo."

Mkono wa Mama ulisimama ndani ya unga. "Weye unajua Kitobo?"

"Ninajua, Mama. Minyi njo nilikuwa nalinda kivuko."

"Mulionaka mwanamuke wa mimba?"

"Tulionaka bengi." Alikuwa ameshika vijifuko vyake vya kifuani kwa mikono miwili. "Mukubwa yetu alisemaka, mwanamuke wa mimba akivuka, dawa ya mto inakufa, na sisi bote tunakufa, na bantu benye tunachunga nabo banakufa. Nilibarudisha. Moja alikuwa analia kwa jina yangu, sijue nani alimuambia jina yangu. Nilimurudisha. Sijue kama ni yeye, Mama. Kila siku ninatafuta sura yake, sijue kama ni yeye."

Grupe ilinguruma uani. Fidèle alikuwa ameficha uso kwenye magoti. Mimi nilimwogopea Monga, na nilimwogopea Mama, na zaidi ya yote nilitaka kumchukia yule mtu wa kizingitini na nikashindwa, kwa sababu alikuwa ametazama mchezo pamoja nasi kiangazi chote na kutucheka tulipoanguka mtoni. Mama alifuta mikono kwa kanga yake, kidole kwa kidole. Akainuka, akatoka uani. Nilidhani amekwenda kuita watu. Alikwenda kwenye jiko. Aliporudi alikuwa na sahani, bukari na sombe, na hakuiweka kwenye mkeka kama siku zote. Aliinyoosha kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya uso wa Monga.

"Mudogo yangu aliitwa Marcelline," alisema. "Alipenda kuimba vibaya. Alikuwa mutoto wa Ilunga na Kalenga. Sasa unajua ni mutoto wa nani. Kamata."

 Monga alitazama sahani, akatazama mawingu, akamtazama mdogo wake. "Mama, nikikula hii, sina kintu tena ya kunichunga."

"Hata Marcelline hakukuwa nayo. Kamata, mukono yangu inachoka."

Akaipokea. Vidole vyao viligusana chini ya sahani, nikaona wote wawili wamelijua hilo. Alikula polepole, machozi yakianguka ndani ya sombe, na Mama akasimama pale mpaka tonge la mwisho, si kwa upole hasa, bali kama muuguzi anayehakikisha mgonjwa amemeza dawa. Alipomaliza alimpokonya sahani, akasema, "Wafwako," kama tunavyoshukuru kwa Kiluba, ingawa ni yeye aliyepika. Fidèle aliruka kutoka benchi akamkumbatia kaka yake, na hakuna aliyerudi nyuma safari hii. Trésor akauliza kwa huzuni kubwa sasa yeye atakula wapi, tukacheka wote kwa kelele kuliko mzaha ulivyostahili.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku chache baadaye, na Monga alikuwa juu ya paa la Mama Huguette akiziba matundu. Wengine watasema alitakiwa apelekwe mahali, aulizwe na wakubwa, aandikwe. Labda. Aliulizwa baadaye, na alisema aliyoyafanya, na hilo si la sura hii. Mimi najua tu kwamba alikwenda Kitobo mara nyingi maishani mwake, na mara ya kwanza alipigwa, na bado alirudi, akavusha watu kwa mtumbwi wake mpaka daraja lilipojengwa.

Pambano la mwisho? Tulimpa Monga maneti, kwa kuwa yeye pekee alikuwa na umri wa kumnyanyulia Yaya mkono. Hakujua kitufe kimoja. Alimtembeza Numbi kwa kurudi nyuma, akamtumbukiza mtoni, akamfanya apige mishale angani, na Yaya akatushinda mara nyingi hata hesabu ikapotea, huku chumba kizima kikimpigia kelele, "Kushoto! Kushoto kwako, yaya Monga!" Hatukuumaliza mchezo ule kamwe. Mashini ilikufa mwaka uliofuata, na daraja likabaki limesimama, na vijiji vitatu vikabaki na moshi wake. Kwangu mimi ndivyo ulivyopaswa kuishia.

Basi Jumamosi, nikiwa bado nawasikiliza wale vijana na simu yao, niliona kivuli mezani. Baba wa bibi arusi alikuwa amesimama kando yangu na sufuria ya sombe mkononi na upawa, jambo ambalo shangazi za bwana arusi walilitazama kwa mshangao, maana baba wa bibi arusi hapakulii watu. Lakini sherehe yoyote ya Monga, yeye hupakua mwenyewe.

"Kabange, balikusahabu?"

"Minyi ni mwalimu, yaya. Nimezoea."

Alicheka, akanipakulia. Kisha aliinamisha kichwa kuelekea wale vijana. "Bale batoto, banasema juu ya Yaya wetu?"

"Wa kwao ni mwingine. Lakini ni ule ule."

Alifikiri kidogo, upawa hewani. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. "Kuko kintu sikukuulizaka. Weye njo ulisoma yote. Mule mu mchezo, toka mwanzo mpaka pa daraja, kuko fasi yoyote balimupatia Yaya chakula?"

Nilipita mchezo wote kichwani. Numbi alikula, wenzake walimchomea samaki kila walipopiga kambi. Walinzi wa lango walikuwa na chungu chao. Farasi alipewa nyasi. Niliona mahema ya Yaya, ramani zake, mwenge wake, blanketi alilolitoa, na kila mahali alikuwa amesimama peke yake.

"Hapana," nilimwambia. "Hakuna mwenye alimupatiaka."

"Aa," Monga akasema. "Njo maana."

Akanijazia upawa wa pili, mkono wake ukagusa wangu, akaenda kuwalisha wale vijana.